Draya Iliyohamia Makorora

Mdogo wangu alipofunga saluni yake pale Ngamiani, kodi ya fremu ikiwa imemshinda, aliuza karibu kila kitu: viti, kioo kirefu, beseni la kuoshea nywele, hata ile draya kubwa ya kofia ambayo wateja hukaa chini yake wakisinzia. Alirudi nyumbani Makorora na begi la nguo na draya ya mkono, nyeusi, ya wati 1,800. Hiyo alikataa kuiuza. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, akatuambia kwamba siku akipata fremu nyingine ataanzia nayo.

Masika yalikuwa yameshaanza. Anayeijua Tanga anayajua masika yake. Mvua hugonga hodi Machi, Aprili huingia ndani kabisa, na mpaka Mei iishe kuta zimeota ukungu, chumvi imelowa kikombeni na nguo zimekaa kambani mpaka zimeanza kunuka. Nyumba yetu ina watu wengi. Bibi ana chumba cha mbele. Mama ana friza lake la barafu za ukwaju na ubuyu, ndiyo biashara yake. Kaka na wifi wanakaa vyumba vya uani, mimi na wanangu tuko katikati, na sasa mdogo wangu naye kajipachika kwa Bibi. Draya iliingia humo ikiwa mali ya mtu mmoja, chombo cha kazi. Mvua ndiyo iliyoifanya ya wote.

Wa kwanza kuigusa alikuwa wifi, na jambo lenyewe lilikuwa dogo. Alikuwa na chupa za jemu alizotaka kutilia achari ya maembe, na vibandiko vya dukani viligoma kutoka hata baada ya kulowekwa usiku kucha. Mdogo wangu akachukua draya, akapuliza moto wa kati kwenye kona ya kibandiko mpaka gundi ikalainika, akakivuta taratibu kikatoka kizima. Kwa Kaka aliyekuwa mlangoni, ilikuwa kama kaona mazingaombwe. Jioni hiyo stika zote za wanangu zilizokuwa kwenye mlango wa kabati zilitoka, na bei iliyobandikwa chini ya sahani za harusi ya wifi, iliyokuwepo tangu harusini, nayo ikatoka.

Mama hakufurahi. Mama ndiye anayenunua Luku, na kila mwenye kununua Luku huwa na sikio la kusikia chombo kinachokula umeme hata akiwa uani. Alimwita Kaka apige hesabu. Wati 1,800 maana yake ni kwamba draya ikiwashwa kwa moto wa juu inamaliza uniti nzima kwa dakika 33 hivi. Kwa uniti hiyohiyo, taa ya sebuleni ya wati 9 ingewaka saa 111, yaani zaidi ya siku nne, usiku na mchana. Kaka aliyaandika hayo nyuma ya karatasi ya kalenda, Mama akaibandika juu ya mita.

“Chombo cha nywele ni cha nywele,” akasema. “Kila kitu kina kazi yake.”

Namheshimu Mama, na kwenye hesabu ya Luku alikuwa na haki yake yote. Ila hilo la kila kitu na kazi yake, historia ya draya yenyewe inalikataa. Mfaransa Alexandre Godefroy alipotengeneza mashine yake ya kukaushia nywele mwishoni mwa karne ya 19, lilikuwa dude kubwa la saluni lenye kofia na bomba la kuleta hewa ya moto, na mteja alilifuata lilipo. Nyumbani, mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Ulaya na Marekani waliokuwa na mashine za kufyonza vumbi walichomeka mpira kwenye tundu la nyuma linalotoa hewa, wakakaushia nywele. Kabla ya draya ya mkono kuenea, kazi yake ilifanywa na kifaa cha kusafishia zulia. Kutumia chombo hiki kwa kazi ya kile ni ukoo wake.

Hata hivyo aliyemaliza ubishi alikuwa Bibi, na aliumaliza kwa jiko la mkaa.

Mkaa wa masika ni mtihani. Gunia limekaa barazani, limefyonza unyevu, na mtu akiwasha jiko anapepea mpaka mkono unakufa ganzi huku moshi ukimtoa machozi. Bibi ana kifua kibovu. Asubuhi moja mdogo wangu alimkuta amekaa kwenye kigoda uani, pepeo mkononi, anakohoa, na chai ya wajukuu haijachemka. Akaenda kuchukua draya. Kaka akapiga kelele kwamba ataunguza nyumba, kumbe mdogo wangu hakuwasha moto. Kwenye draya nyingi kuna kitufe kidogo, mara nyingi cha buluu, ambacho ukikibonyeza waya wa joto unazimika na feni inabaki inapuliza hewa ya kawaida. Saluni hukitumia mwisho wa kazi. “Joto linalegeza nywele, baridi inazifunga,” ndivyo alivyofundishwa. Sasa akakibonyeza, akaelekeza mdomo wa draya kwenye kijidirisha cha chini cha jiko, kwa mbali, kasi ya chini ili cheche zisiruke. Baada ya muda mfupi makaa yote yalikuwa mekundu.

Mkaa hautaki miujiza, unataka hewa. Kinachofanywa na pepeo ndicho kilichofanywa na feni ile, bila kuchoka na bila kupumzika katikati. Na kwa kuwa waya wa joto ulikuwa umezimwa, umeme uliotumika ulikuwa wa mota ndogo tu, kiasi ambacho hata Mama hakuweza kukigombania. Jiko lilikuwa uani palipo wazi, na hapo ndipo lilipobaki, maana mkaa unaotoa joto bila moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na feni haiiondoi. Bibi alimtazama mjukuu wake, akamwambia, “Mwanangu, hiki ulikuwa unakificha wapi miaka yote?”

Tangu hapo kila asubuhi draya ilikwenda uani kwanza. Na hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia.

Mvua ilikaza. Wanangu wakawa wanarudi kutoka shuleni wamelowa hadi soksini, sare moja moja, na kesho yake zinatakiwa. Hapa niseme jambo ambalo ningependa kila mzazi wa masika alijue, kwa sababu nimeona watu wakimaliza Luku yao bure. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu theluthi mbili za uniti, hata ikiwa hakuna joto linalopotea. Na kwa draya joto jingi linapotea chumbani. Kwa hiyo sare inayochuruzika maji haikaushwi kwa draya. Tulikuwa tunaikamua, tunaitandaza juu ya taulo kavu, tunaviringisha vyote pamoja na mtoto mmoja anapanda juu kukanyaga. Taulo linabeba maji mengi kuliko mtu anavyodhani. Kisha nguo inatundikwa ndani usiku kucha palipo na upepo wa feni, na draya inaitwa alfajiri kumalizia sehemu zinazokaidi: kola, mkanda wa suruali, mifuko, mishono minene ya kwapani. Hewa ya moto inaweza hilo kwa sababu inabeba maji mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 hushiba kwa gramu 30 hivi za mvuke, lakini ikipashwa hadi nyuzi 60 inaweza kubeba kama gramu 130. Hewa ya Tanga mwezi wa nne imeshashiba tayari. Ndiyo maana kamba ya nguo hukaa siku nzima bila faida, na ndiyo maana draya, kwa dakika chache, inafanya lililoshindikana.

Viatu vilikuwa na shida yake. Wifi alivijaza magazeti vikanyonywa maji, hilo sawa, lakini halafu akavipuliza moto wa juu kwa karibu, na soli ya kiatu kimoja ikaanza kuachia mbele. Joto halichagui gundi. Lililotoa kibandiko kwenye chupa ya jemu ndilo lililofungua kiatu cha shule. Tukakirudisha kwa gundi na kamba, na tangu siku hiyo viatu vikapata upepo wa baridi tu.

Kisha alfajiri moja, suruali ya kijana wangu ikiwa imekauka nusu, draya ikatoa harufu ya kuungua na kuzima. Nyumba nzima ilinyamaza. Mdogo wangu aliichukua mikononi, akaigeuza, akaiweka chini bila kusema neno. Ndiyo iliyokuwa saluni yake yote.

Baadaye kidogo ikawaka yenyewe, ikazima tena. Kaka akampeleka mdogo wangu kwa fundi redio mmoja mtaani, mtu mzima, mpole, ambaye aliifungua mbele yao na kuwaonyesha kila kitu. Nasimulia kama nilivyosimuliwa. Nyuma kuna feni na mota yake. Mbele kuna waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu unaostahimili kuwa mwekundu bila kuungua haraka, umezungushwa kwenye vibao vyembamba vya maika visivyopitisha umeme. Karibu na waya kuna kipande kidogo cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Moja hutanuka kuliko nyingine, kwa hiyo joto likizidi kipande kinapinda na kukata umeme, na kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Pembeni kuna fyuzi ya joto, ambayo yenyewe ikikatika hairudi. Na kwenye wavu wa nyuma, pale hewa inapoingilia, palikuwa pameziba kwa nywele za wateja wa zamani, nyuzi za kanga na majivu. Majivu ya jiko la Bibi. Draya inayopuliza mbele inavuta nyuma, na uani kinachovutwa ni vumbi la mkaa. Hewa ikipungua, waya unajipika wenyewe.

Fundi aliusafisha wavu kwa mswaki, akaurudisha, akakataa kulipwa zaidi ya nauli ya bodaboda. Ila aliwapa neno la kufuata: kama ni lazima ipulize jiko, anayeishika asimame upande upepo unakotokea, na kila Ijumaa wavu usuguliwe. Mama, aliyeipinga tangu mwanzo, ndiye aliyechukua mswaki wa zamani na kuufunga kwa uzi kwenye mkia wa draya.

La friza nitalisimulia kwa ufupi, ingawa ndilo lililonitisha kuliko yote. Barafu ilikuwa imeganda ukutani unene wa vidole, mlango haufungi vizuri, mota haipumziki, na Luku inayeyuka kuliko barafu. Kaka alikuja na kisu. Mdogo wangu alikuja na draya. Kisu ndicho nilichokiogopa zaidi, kwa sababu nyuma ya ngozi ile nyembamba inapita mirija ya gesi, na kwenye friza nyingi za siku hizi, zile zenye kibandiko cha R600a, gesi yenyewe ni isobutani inayoshika moto. Toboa mrija, kisha leta mashine yenye waya mwekundu na mota inayotoa cheche, umejiitia msiba. Kisu kikarudi jikoni. Tulichomoa friza kwenye umeme, tukaweka ndani sufuria la maji ya moto, tukafunga mlango, tukangoja. Draya ilitumika mwishoni tu, kwenye mabonge yaliyong'ang'ania kona. Mdogo wangu alisimama juu ya ubao mkavu, ndala miguuni na mikono mikavu, moto wa chini, akiizungusha bila kutulia mahali pamoja ili plastiki isipinde, na Kaka nyuma yake akishika waya usiguse maji, huku mimi nakausha sakafu. Umeme na maji havina msamaha. Kama nyumba haina mtu wa kusimamia hivyo, sufuria la maji ya moto na subira vinatosha.

Sasa nifike kwenye usiku wa sanduku.

Bati letu lina misumari mizee, na chumvi ya bahari inaila taratibu. Usiku huo mvua ilikuja na upepo, msumari mmoja juu ya chumba cha Bibi ukaachia, na maji yakateremka ukutani moja kwa moja kwenye sanduku lake la mbao. Bibi alishtuka mto umelowa. Tulipolifungua, kanga za juu zilikuwa zimebeba maji mengi, na huenda ndizo zilizookoa vilivyobaki. Chini yake kulikuwa na bahasha: ofa ya kiwanja hiki tunachokaa, iliyopigwa chapa kwa mashine na kugongwa muhuri wa zambarau, cheti cha ndoa yake na marehemu Babu, kadi za kliniki za watoto wake, na picha za studio nyeusi na nyeupe. Vyote vimelowa na vimeshikana.

Mama alisema, “Lete draya, weka moto wa juu, upesi.” Kila mmoja wetu angesema hivyo. Mdogo wangu akasema hapana. Sijawahi kumsikia akimkatalia Mama kwa sauti ile. Karatasi ikipulizwa moto inakauka juu kabla ya ndani, inajikunja na kuwa ngumu, na muhuri unazidi kutambaa. Picha za zamani zimebebwa na utando wa jelatini, na jelatini ikilowa kisha ikapata joto inakuwa uji. Yeye hakuyasoma popote mambo ya karatasi. Alijua joto linafanya nini kwa kitu kilicholowa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka.

Tukatandika taulo sebuleni. Karatasi tulizitenganisha moja moja kwa ncha ya kijiko bapa, zilizokataa tukaziacha. Kati yake tukaweka karatasi nyeupe za tishu, tukizibadili kila zikinyonya. Picha mbili zilikuwa zimegandana uso kwa uso. Hizo tukaziweka kwenye sahani ya maji safi ya baridi, kwa sababu picha ya aina hiyo ikishakauka imegandana haitenganishwi tena kwa urahisi. Baada ya muda zikaachiana zenyewe. Moja ilitoka salama. Nyingine ilipoteza kona, bega la Babu likabaki.

Halafu ndiyo ikaja draya, kitufe cha baridi, kasi ya chini, mbali kiasi cha mita moja, ikipuliza juu ya karatasi na si kwenye karatasi, ili hewa ile nzito iondoke na nyingine ije. Shida ni kwamba kitufe kile lazima kishikiliwe na kidole. Ukikiachia, moto unarudi. Kaka alitaka kukifunga kwa mpira wa kufungia noti, mdogo wangu akakataa, mpira ukiteleza mtu akiwa amesinzia tutaikuta ofa imekunjamana. Basi tukashika kwa zamu. Mama alishika, Kaka akashika, wifi akashika huku ananyonyesha, mwanangu mkubwa akashika kwa vidole gumba vyote viwili na hakutaka kunyang'anywa. Bibi alikaa kwenye kiti chake, hakuongea, macho kwenye karatasi.

Usiku wa manane umeme ukakatika. Kabla hatujapata tochi ya simu, nilisikia pepeo la jiko. Bibi alikuwa ameshainuka, amepiga magoti kwenye taulo, anapepea taratibu kwa mkono ule ule wa miaka yote. Tukampokea, tukaendelea na zamu. Mshumaa uliwashwa mezani, mbali na karatasi, na nta iliyodondokea kitambaa cha meza tuliitoa kesho yake, karatasi juu na karatasi chini, draya moto wa kati, nta ikayeyuka ikanywewa na karatasi.

Asubuhi namba ya kiwanja ilisomeka, kitalu kilisomeka, saini ilisomeka. Muhuri umetambaa upande mmoja. Cheti cha ndoa kimebaki na alama ya maji katikati, majina yote mawili yapo. Tuliviweka chini ya vitabu vizito vinyooke, kisha Kaka akaenda kuvitoa nakala, akapanda juu ya bati na misumari mipya.

Mvua zilipopungua, mdogo wangu alipata kiti cha kukodi kwenye saluni ya rafiki yake pale Chuda. Aliondoka na begi lake na draya yake, mswaki ukining'inia mkiani. Jumamosi iliyofuata Mama alitoa hela za barafu, akasema twende mjini. Muuza duka alitupangia draya mezani akizitaja wati: hii 2,000, hii 2,200, hii inakausha haraka kuliko zote. Bibi, aliyetaka kuja mwenyewe pamoja na kifua chake, alimwacha amalize, akazichukua moja moja, akazigeuza nyuma kutazama kama wavu unafunguka kwa kusafishwa. Kisha akauliza ni ipi ambayo baridi yake ina swichi ya kukaa yenyewe, isiyohitaji kushikwa na kidole.

Ilikuwa moja tu, ya wati 1,200, ya bei ya chini. Mama akahesabu hela.